Chupa Tano za Jumamosi

Al Kamil wal Wafi,
Jumatano, 14 Oktoba 1987

Kwa dada yangu Bi Fawziya binti Khalaf, Unguja.

Shikamoo dada. Nakushika miguu yote miwili, hata ule wa kulia uliokuwa ukinipigia mateke nikikuibia visheti. Natumai barua hii itakukuta mzima, presha imeteremka, goti limetulia, na jirani yako wa ghorofani ameacha kutwanga saa ya usingizi wako wa mchana. Mimi sijambo. Meno yamebaki manne, na hayo manne hayasemezani, kila moja liko pembe yake. Lakini kahawa hainywewi kwa meno, kwa hivyo sina cha kulalamika.

Barua hii anakuletea mjukuu wako Badriya kwa mkono wake, pamoja na halua, tende za fardh na huyo kitukuu wako Aliya unayemwona leo kwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa umenieleza kuwa ukungu umezidi machoni, najua ni Badriya anayekusomea sasa hivi. Basi Badriya, sikiliza. Soma yote, neno kwa neno. Pa kucheka cheka, lakini usiruke. Nakujua mimi. Ulipokuwa ukinisomea gazeti ulikuwa ukiruka habari za mafuta ukikimbilia za harusi.

Dada, uliniuliza nafanya kazi gani huku ugenini, uzeeni. Nimekuwa mtu wa sayansi. Ndiyo, mimi niliyetolewa skuli darasa la nne kwa kumpakia mwalimu gundi kwenye kiti, mimi niliyeziba mipira ya baiskeli Darajani miaka ishirini, leo maji niliyoyateka mimi yamepanda ndege yakafika nchi ambazo sizijui hata kwenye ramani. Ngoja nikwambie ilivyokuwa.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Sur. Tuna mitende, mbuzi wasio na adabu, na visima vitano ambavyo ndivyo roho yetu. Juu ya kijiji kuna wadi, bonde la changarawe ambalo mwaka mzima ni kavu na siku moja likaleta mafuriko. Miaka miwili nyuma tajiri mmoja mwenye magari ya kunyonya vyoo alichimba shimo kubwa katika wadi hiyo. Siku hizi kila nyumba mpya ina choo cha kuvuta na karo lake la kukusanyia uchafu, na makaro yakijaa magari yake huyanyonya, kisha huja kumwaga hapo juu yetu. Watu waliposema harufu imezidi, tajiri alijibu kuwa harufu si ugonjwa, na kuwa changarawe huchuja kila kitu. Akaomba ruhusa ya kuchimba mashimo mengine mawili.

Serikali ikamwambia asubiri. Palikuwa na utafiti unakuja, wa wataalamu wa nchi tano walioshirikiana, kuangalia maji ya chini ya ardhi yanatoka wapi, yanakwenda wapi na nini kinayachafua. Ikionekana visima vyetu ni safi, tajiri atachimba. Ikionekana si safi, shimo litafungwa. Ndivyo tulivyoelezwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na kila mtu alielewa, hata mimi niliyekuwa nasinzia.

Akaja Bi Ilona, mama wa Kihangari, mrefu kama mlingoti, kofia ya majani kichwani. Kiarabu alijifunza Algeria, basi akisema sisi tunatazamana. Aliyetuokoa ni Nadhir wa serikalini, kijana aliyezaliwa Vuga, hukohuko kwenu Unguja. Yeye hukitoa Kiarabu cha Bi Ilona akakitia katika Kiswahili, na mimi nikawarudishia wazee wa kijiji kwa Kiarabu cha huku. Kufika mwisho wa safari sentensi imeshachoka. Siku moja Bi Ilona alituambia kuwa maji ya kisima cha Bi Khole, ambaye nitakueleza habari zake, ni mvua iliyonyesha kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, eti wao wana njia ya kupima umri wa maji. Nikamwambia ndiyo maana yana adabu. Alipofasiriwa alicheka mpaka kofia ikamtoka.

Walitafuta mtu wa kuteka maji kila Jumamosi, awe anajua kuandika nambari na hana kazi. Kijiji kizima kikanitazama mimi. Nikapewa chupa, sanduku la barafu na masharti. Kwanza mashine ya kisima iende robo saa, ili maji yaliyolala yatoke yaje yaliyo macho. Kisha chupa isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima kilekile, ijazwe pomoni pasibaki hata pumzi ya hewa, kizibo kikazwe, iandikwe tarehe na nambari. Nambari moja ni kisima cha shamba la Harub, karibu na wadi. Mbili ni cha msikiti. Tatu ni cha nyuma ya nyumba ya Badriya na mumewe Amur. Nne ni cha Bi Khole. Tano kiko barabarani, penye duka la tairi. Nadhir alikuja kila Jumamosi adhuhuri kuchukua sanduku, na baadhi ya chupa zikenda kupimwa Maskati na nyingine ng'ambo.

Bi Khole humjui. Ni mjane, kazaliwa Mkunazini, na Kiswahili chake hakijachakaa. Hawa vijana wetu wa huku, dada, wanakwambia "kitu yangu" na "watu mbili", na ukiwasahihisha wanakuitikia kwa Kiarabu. Bi Khole akisema unasikia uko kwenu. Nilimposa mwaka jana. Alinijibu kuwa mzee mwenye meno manne amtafute daktari wa meno kwanza, mke baadaye. Lakini kahawa hakuninyima. Basi Jumamosi zangu zilikuwa zikimalizikia kwake, na wenye ndimi zao walisema zilikuwa zikianzia hukohuko.

Yalipoanza kurudi majibu, Bi Ilona alichanganyikiwa kwa furaha. Visima vitano, karibu maili mbili kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho, na maji yake ni mamoja kama ndugu wa tumbo moja, safi, chumvi kidogo, uchafu hakuna. Alituchorea kwa kijiti mchangani kuwa huenda chini yetu pana ziwa moja kubwa la kale, limefunikwa na udongo mgumu usiopitisha kitu. Aliwaandikia wenziwe. Mmoja wa Denmark akakataa, mmoja wa India akakubali, wakaanza kugombana kwa barua. Na mimi nikatembea kijijini kidevu juu. Amur alinitania kuwa siku hizi hata shikamoo naipokea kwa Kizungu.

Tajiri naye alisikia. Alichinja ngamia akawaalika watu.

Sasa nakuja kwa Aliya. Kazaliwa Machi, mzima, analia kama adhana. Badriya alipata homa ya uzazi, maziwa yakamkauka, basi mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo. Na Badriya, dada, unamjua alivyo msafi. Maji ya kukorogea maziwa aliyachemsha mara mbili, akayafunika kwa kitambaa alichokipiga pasi. Ilipofika Mei mtoto akaanza kubadilika. Midomo ikawa ya kijivu, kisha kucha, kisha pembeni mwa macho, rangi ya zambarau isiyowiva vizuri. Akawa anahema kama aliyepanda ngazi. Wakamkimbiza hospitali Sur. Daktari alimuuliza Badriya mtoto anakunywa maji gani. Badriya akamjibu kwa kujiamini kuwa ni ya kisima kilichopimwa na Ulaya nzima, na aliyeyateka ni babu yake mwenyewe. Daktari akaliacha hilo. Wakasema basi ni moyo. Wakasema atapelekwa Maskati, na huenda kutoka hapo akapelekwa ng'ambo akapasuliwe kifua. Mtoto wa miezi miwili na nusu, dada. Kifua chenyewe hakizidi kiganja changu.

Badriya, hapa ndipo. Vuta pumzi, kunywa maji, mpe bibi yako mtoto amshike. Kisha endelea kusoma. Usiruke.

Zile chupa zote zilikuwa za kisima cha Bi Khole.

Zote tano. Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwa Harub, nikawasha mashine, nikasubiri robo saa kama nilivyoagizwa. Maji yakatoka na kiharufu. Harub mwenyewe akaniambia yeye huwanywesha mbuzi tu. Nikaenda nambari tatu, kwako Badriya, wewe ulikuwa umelala na tumbo lako la mimba. Hayakuwa na harufu, lakini nilipoonja niliona yana uzito ulimini. Nikasimama pale na chupa mkononi. Nikafikiri, chupa hii itapanda ndege, itawekwa juu ya meza mbele ya Wazungu wenye makoti meupe, imeandikwa jina la kijiji chetu. Dada, wewe unajua tulivyolelewa. Mama hakupata kumpa mgeni maji ya kisima cha uani. Alitutuma tukateke kwa jirani mwenye maji matamu, akafukiza mtungi kwa ubani, na bado akamwomba mgeni radhi. Mimi nimpe mgeni maji ya mbuzi? Niliona haya. Nikayamwaga, nikaenda kwa Bi Khole, nikajaza chupa zote kwa maji yake yenye adabu, nikaandika moja, mbili, tatu, nne, tano. Niliona nimekistiri kijiji.

Hiyo ni nusu ya kweli, na nusu nyingine sina wa kumsingizia. Magoti yalikuwa yakiniuma na maili mbili ni maili mbili. Kwa Bi Khole pana kivuli, pana kahawa, pana mkate wa ufuta, na pana Bi Khole. Alinisaidia kusuuza chupa mara tatu. Aliniuliza kwa nini tano. Nikamwambia Wazungu hawaamini kitu mpaka wakihesabu mara tano. Akasema maskini, wanaishi kwa tabu. Jumamosi ishirini na sita, dada. Si moja.

Siku Aliya alipolazwa, Bi Ilona na Nadhir walikuwa kijijini. Tulikaa kwa Amur kula kabla hajarejea hospitali, na Amur akaeleza rangi ya mtoto. Bi Ilona akaweka tonge chini. Akasema kwao Hangari, vijijini, watoto wachanga wa maziwa ya kopo walikuwa wakigeuka rangi hiyohiyo, na sababu ni maji ya visima vilivyoingiwa na vyoo. Maji hayo yana kitu kinaitwa naitreti, mimi nakiita chumvi ya choo. Mtu mzima hakimfanyi neno, lakini mtoto mchanga kinamharibu damu ikashindwa kuchukua hewa. Tena kuchemsha hakusaidii, kunazidisha, maana vijidudu hufa lakini chumvi haifi, na maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki imekoza. Kisha akatikisa kichwa. Akasema lakini hapa haiwezekani, kisima nambari tatu ni safi kuliko mvua, karatasi zake anazo.

Badriya, sikusema.

Tende ilikuwa mdomoni ikageuka jiwe. Amur akaondoka kwenda Sur. Kutoka adhuhuri mpaka alasiri sikusema. Nilikwenda nikakaa nyuma ya banda la mbuzi, nikajiambia huenda kweli ni moyo, madaktari wamesoma, mimi nimesoma nini. Nikafikiri watakavyonicheka. Nikafikiri Bi Khole atakavyonitazama. Masaa matatu, na wewe uko hospitali umeukumbatia ule mwili wa kijivu. Zile chupa naweza kusema niliona haya kwa ajili ya kijiji. Masaa yale matatu niliona haya kwa ajili yangu tu.

Ilipoadhiniwa alasiri nilitoka. Sikwenda msikitini, nilimwendea Nadhir aliyekuwa akifunga mizigo garini. Nilimwambia kwa Kiswahili, harakaharaka, ili yule mama asielewe. Nadhir alibaki na kamba mkononi. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Akamgeukia akamfasiria. Bi Ilona hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu aliyesomewa barua ya msiba, kisha akachukua kisanduku chake cha vichupa vya dawa, akakimbia kwa miguu, kofia ikaanguka asiiokote, mpaka kisimani kwako. Alitia maji katika kichupa, akatia dawa. Yalianza kuwa waridi, yakazidi, yakawa mekundu kama sharubati ya arusini. Akasema neno moja la kwao. Nadhir hakulifasiri, wala sikumuuliza.

Gari lao lilifika Sur kabla ya magharibi. Wewe unakumbuka mlango ulivyofunguliwa, akaingia Mzungu mwenye mchanga kichwani akimwonyesha daktari kichupa chekundu. Unakumbuka walivyomtoa mtoto damu, na damu ilikuwa ya rangi ya kahawa. Wakampiga sindano ya dawa ya buluu, ati buluu ndiyo ya kumtoa mtoto ubuluu, na wewe ulikuwa karibu kumuuma daktari mkono. Na baada ya saa moja, uliniambia mwenyewe, midomo ya Aliya ikarudi kama ua. Hakupelekwa Maskati. Hakuguswa kifua. Alipewa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya Bi Khole, akanyonya chupa mbili akalala.

Nadhir alikwambia kuwa sampuli zilichanganyika. Hakusema uongo, ila hakusema nani kachanganya. Alinistiri kwa mvi zangu. Akasema pia kuwa mimi, mzee Hamdun, ndiye niliyeshtuka nikataka kisima kipimwe upya. Ukaja nyumbani kwangu na sufuria la biriani. Ulinibusu mkono, Badriya. Ulisema mwanao ataambiwa akikua kuwa aliyemwokoa ni Babu Hamdun. Biriani ile niliwapa mbuzi, usinikasirikie kwa hilo pia.

Niwape yaliyobaki, maana bibi yako atataka kujua. Visima vyote vilipimwa upya, na mimi nikavitembelea vyote nikiwa nyuma ya Bi Ilona. Cha Harub na chako ni vibaya sana, cha msikiti kimeanza, cha barabarani na cha Bi Khole ni vizuri mpaka sasa. Lile ziwa moja la kale halipo. Bi Ilona ikambidi awaandikie wenziwe wa nchi zote nne kuwa alikosea, na yule wa Denmark nasikia alifurahi kupita kiasi. Katika barua zake hakuandika jina langu. Aliandika kuwa kosa lilikuwa katika utekaji, na kuwa lawama ni yake kwa kutokuja kutazama. Hilo liliniuma kuliko kama angeniandika. Shimo la wadi limefungwa, uchafu uliokuwemo umezolewa, na magari sasa yanakwenda kumwaga mbali, penye birika la saruji. Vile visima viwili vimetiwa vifuniko, na maji ya nyumba yako, kama ujuavyo, yanakuja kwa bomba kutoka upande wa Bi Khole. Bi Ilona anasema ardhi itachukua miaka kujisafisha, na Jumamosi zisikatike.

Nilimpelekea sanduku la barafu nimrudishie. Alilikataa. Alisema anataka mtekaji anayejua njia zote za kudanganya chupa, ili awafundishe wenzake wa vijiji vingine wasidanganye. Basi sasa mimi ni mwalimu, dada. Nimekwenda mpaka Jalan kufundisha. Nawaambia vijana wasinione mzee mpole, mimi ndiye mfano wa wasilopaswa kufanya. Wanadhani natania.

Bi Khole alipojua kuwa kisima chake ndicho kilichosema uongo mara ishirini na sita, alifunga mlango. Jumamosi tatu nilipita, nikajaza chupa yake moja, nikaondoka bila hata harufu ya kahawa. Ya nne alisema kupitia dirishani kuwa hana la kuzungumza na mimi mpaka nimweleze mama mtoto kwa kinywa changu. Nilikuja kwako mara sita, Badriya. Mara sita ulinitilia chai na kunikalisha mto mzuri, ukaniwekea Aliya magotini, na yule mtoto akanicheka usoni. Nikaondoka na maneno yangu. Nilipomwambia Bi Khole kuwa kinywa kimeshindwa, akasema basi andika, maana unaandika nambari vizuri sana. Ulimi wake huo, dada, ndio nilioposa.

Kwa hivyo nimeandika. Nimechagua uyasome mbali na mimi, ukiwa karibu na bibi yako, ili ukitaka kunitukana uwe na wa kukuitikia. Dada, usinitetee. Ulinitetea utotoni kwa kila dirisha nililovunja. Hili mwache Badriya mwenyewe aamue.

Badriya, mnarudi tarehe saba mwezi ujao. Nitakuja uwanja wa ndege wa Seeb pamoja na Amur kuwapokea, nitasimama nyuma yake. Ukitoka na mtoto begani ukanipa salamu ya mbali, nitajua nimesomwa, nitaingia nyuma ya gari nikae kimya mpaka Al Kamil, na wala sitasema umenionea. Na ukimtia Aliya mikononi mwangu, tafadhali usiseme neno lolote, maana nitalia mbele ya askari wa forodha wakadhani nimeficha kitu.

Nisalimie wote nyumbani, wakubwa kwa shikamoo na wadogo kwa kuwavuta masikio. Bi Khole anakusalimu sana, na kaagiza salamu zake zisomwe baada ya hayo ya juu, si kabla.

Mimi ndugu yako mtukutu, anayekuombea afya na macho,

Hamdun bin Khalaf